Jiko Nililomwachia Mngoni

Pale Mtaa wa Mahiwa, ubavuni mwa duka la Bwana Hamud, mahali pa kupikia hapana hati wala mlango. Haki yako ni moshi. Ukiwasha jiko kila asubuhi, pale ni pako. Jiko likikaa baridi siku kadhaa, mwenye sufuria lingine anakuja kuweka lake, na ukirudi huna wa kumlalamikia, maana hata wewe ulipapata hivyo hivyo. Mimi nilipapata kwa mama mmoja wa Rufiji aliyerudi kwao kulea wajukuu. Nilikuwa nimetoka Mnero, nimemaliza eda ya mume wangu, na kazi nilizozijua ni mbili, kulima na kupika. Kariakoo hakuna pa kulima, nikapika.

Wateja wangu wengi ni watu wa kwetu kusini. Kuna wasukuma mikokoteni, wabeba mizigo, na vijana wanaotembeza nguo za mitumba wanazochukua Mchikichini. Wamekuja mjini kutafuta kazi, lakini tumbo bado linataka ugali wa muhogo na kisamvu. Nikawapikia hicho, na Mwenyezi Mungu akaniwekea riziki humo. Ndiyo iliyonilipia chumba Buguruni, na ndiyo iliyonisitiri nisiwe mzigo kwa mtu.

Mwaka jana, msimu wa korosho, ikaja simu kutoka nyumbani. Dada yangu Sitara kateleza kisimani, kavunjika mguu. Korosho zinaanguka chini ya mikorosho na hakuna wa kuziokota. Ilibidi niende, hilo halikuwa na mjadala. Kilichoninyima raha ni jiko. Nimwachie nani aliwashe mpaka nirudi?

Nikamwachia Klara.

Klara alikuwa mtani wangu. Yeye Mngoni wa Namtumbo, mimi Mmwera, na babu zake walikuja na mikuki wakateka watu wetu, wengine wakakimbilia milima ya Rondo. Yalipokwisha ya vita ukabaki utani. Mngoni akikutukana hununi. Akichukua kitu chako humwiti mwizi, unakikomboa kwa atakachotaja. Na siku ya msiba wako ndiye wa kwanza kufika, anachota maji, anavuruga kilio mpaka wafiwa wacheke. Ni mtu wa karibu ambaye hamwambiani maneno matamu.

Alikuwa akifanya kazi za ndani kwa familia moja Upanga. Siku zake za mapumziko alikuja kwangu kula na kunitukana. Wakati ule ile familia ilikuwa imehamia Dodoma. Walimwambia asubiri, wakishapata nyumba ya kutosha watamwita. Kwa hiyo mikono yake ilikuwa mitupu, na mimi nilikuwa natafuta mikono.

"Unamwachia Mngoni jiko?" Khalfani alisema. Huyo ni Myao, msukuma mkokoteni, mteja wangu tangu siku za mwanzo, na mdomo wake haujawahi kupumzika. "Mama, utarudi ukute kala mpaka masufuria."

"Masufuria yake yana kutu," Klara akamjibu. "Nikila nitaumwa."

Nikamweka pembeni nikamwagiza. Muhogo tunachukua kwa nani, mkaa usikubali ule wenye vumbi jingi. Kuku achinje Shaibu na si mwingine, kwa sababu wanaokula hapa wengi ni Waislamu na wameniamini.

"Na nikipika kitimoto?"

"Nitarudi hata kama nimeshakufa."

"Nenda, bibi, nenda salama. Babu zangu walikuja kwenu wakachukua watu. Mimi nachukua jiko tu. Shukuru Mungu wako."

Nikampa mwiko mbele ya watu wote waliokuwa wanakula. Akaupokea kwa mikono miwili, kapiga goti, halafu akaunusa na kukunja uso. Watu wakacheka, na mimi nikaondoka nacheka.

Mnero nilikaa zaidi ya nilivyokusudia. Tuliokota korosho zikaisha. Mguu wa dada ukawa unaunga polepole, mvua zikaanza, nikaona siwezi kumwacha na shamba halijapandwa. Nilipanda mahindi, nikapanda mbaazi. Kuamka kwa adhana ya msikiti wetu mdogo, ukatoka nje ukakutana na harufu ya udongo uliolowa, ni neema, sitaki kusema uongo. Lakini jioni mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi yake. Dada akawa ananicheka. Anasema napika chakula cha watu wawili kama nalisha kikosi.

Kila nilipopiga simu Kariakoo, Klara alinijibu namna moja.

"Hujambo Klara? Jiko langu linaendeleaje?"

"Jiko lipi? Bibi, hii namba umekosea."

"Klara."

"Hapa ni kwa Klara, ndiyo. Ulitaka kuagiza chakula?"

Nyuma nasikia watu wanacheka, vijiko vinagongana na sahani. Mara ya kwanza nilicheka mpaka dada akauliza kuna nini. Mara nyingine nikacheka kidogo. Ilipofika mwishoni nikawa nakata simu, nakaa nayo mkononi. Mtani ana ruhusa ya kukuchukulia kitu chako. Nani kasema hawezi kukichukua kweli? Mimi ni mtu mzima. Nguvu za kwenda kutafuta ukuta mwingine na kuanza kuita wateja upya sikuwa nazo, na kurudi Mnero kabisa ningekula kwa dada ambaye mwenyewe anategemea ninachomtumia.

Nilipoona dada anatembea na fimbo yake mpaka uani na kurudi, nikaaga. Basi lilinishusha Mbagala asubuhi. Sikupita nyumbani. Nilikwenda Kariakoo na begi langu na vumbi langu la njiani.

Nilisimama kwanza kwenye kona, nikatazama. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi huangalia mto mpaka maji yachoke ndipo nivuke. Basi niliangalia. Palikuwa na turubai jipya la bluu limefungwa vizuri, hakuna jua linaloingia. Benchi zimeongezeka. Majiko yalikuwa mawili pale pangu pa jiko moja. Na watu walikuwa wengi, wengine wamesimama na sahani mkononi. Kijana wa bodaboda alikuwa anafunga vyakula nyuma ya pikipiki, Klara anamwelekeza bila kuacha kusonga ugali.

"Hizo za Posta, ghorofa ya pili, umwite dada wa mapokezi. Usiende kusimama unapiga soga, mchuzi unapoa."

"Poa, Mama Klara."

Mama Klara.

Nikasogea. Khalfani ndiye aliyeniona wa kwanza. Akageuza uso upande wa pili kana kwamba ukutani kuna picha. Wale waliokuwa wananijua wakainamia sahani zao. Klara akaniangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Karibu, mgeni. Keti hapo. Tuna wali, ugali wa sembe, ugali wa muhogo. Kitoweo kuna samaki, kuku na kisamvu. Unatoka mbali? Maana una vumbi."

"Natoka kwetu."

"Aa, kwenu. Kwenu ndiko wapi?"

Mtu mmoja akapaliwa na chai. Mimi nikakaa. Nilijua hii ni michezo yetu, ila nilijua pia kwamba mchezo huwa mzuri pale unapojua utakapoishia, na huu sikuujua. Nikaagiza ugali wa muhogo na kisamvu. Nikanawa, nikasema bismillahi, nikala. Kisamvu kilikuwa kimetiwa karanga badala ya nazi. Kilikuwa kitamu. Nilitafuta kasoro, sikuipata, na hilo liliniumiza kuliko kama kingekuwa kibaya.

"Huyo kuku kachinja nani?" nikauliza.

Hapo akaacha utani kidogo tu. "Shaibu. Siku akiumwa hatupiki kuku, tunapika samaki. Waulize hawa."

"Kweli, mama," mmoja akasema. "Juzi tulikula dagaa kwa sababu Shaibu alikuwa na homa."

Nilipomaliza nikanyoosha mkono. "Nimerudi, Klara. Nipe mwiko wangu."

"Wako? Una alama gani?"

"Mpini umeungua upande mmoja."

Akautazama mpini, akaugeuza, akaufunika kwa kiganja. "Siioni."

Benchi zima likacheka, Khalfani akapiga makofi. Nikatabasamu nao, maana mtu mzima hanuni mbele ya wateja. Nikamtazama Klara machoni nione kama kuna mzaha humo, akawahi kuinamia sufuria.

Adhana ya adhuhuri ikaniokoa. Nikaacha begi pale pale kwenye benchi, makusudi, nikaenda msikitini. Niliswali, kisha nikakaa kidogo nyuma ya nguzo upande wetu wa wanawake. Sikuomba nirudishiwe jiko. Niliomba nisiseme jambo kwa hasira ambalo kesho litanifanya nipite mtaa mwingine kumkwepa mtu. Nimewahi kuona watani waliovunja utani. Huwa hawarudi kuwa watu wa kawaida, huwa maadui kabisa.

Niliporudi nikamkuta Bwana Hamud barazani kwake na kikombe cha kahawa. Familia yao ilitoka Arabuni zamani za babu wa babu, yeye kazaliwa mtaa huo huo, ghorofani juu ya duka. Ukuta ni wake, na hajawahi kunidai zaidi ya kuacha pasafi.

"Bi Kuruthumu. Alhamdulillahi umerudi. Mguu wa dada?"

"Unatembea, Bwana Hamud. Naona na mahali pangu pametembea."

Akacheka kwa pumzi tu. "Mimi mambo yenu ya utani siyaingilii, nilishawahi kuingilia nikaishia kutozwa soda. Kwangu anayewasha jiko ndiye ninayemjua. Ila nikwambie. Yule binti, wiki ile uliyochelewa, walikuja watu hapa wanataka kuweka meza ya simu. Wakamwambia mwenye jiko kahama, wewe kibarua tu, ondoka. Alikaa juu ya jiko, Bi Kuruthumu. Halijapoa vizuri, akalikalia. Akawaambia mwenyewe yuko njiani."

"Alikaa juu ya jiko?"

"Kanga iliungua. Mke wangu Thuraya akampa nyingine." Akanywa kahawa yake, akashusha sauti. "Na wale watu wake wa Dodoma wamechukua mtu mwingine. Alipata habari akaja juu kwa mke wangu, akalia, akanawa uso, akashuka kupika. Kasema usiambiwe."

Nikasimama pale. Watu wananipita na mizigo kichwani, mmoja anasema "mama pisha", nikapisha.

Ndipo nikaanza kumwelewa. Mwanamke mwingine angenipigia simu, akasema mama, kazi yangu imekufa, naomba nibaki nawe. Klara asingeweza. Mtani hampigii mtani magoti ila kwa kejeli. Angeniomba kwa machozi, kuanzia siku ile angekuwa mtu niliyemhurumia, na asingeweza tena kuniambia masufuria yangu yana kutu. Kwa hiyo alifanya walichofanya babu zake. Alishika kitu, akakaa nacho, akasubiri aone nitakuja kukidai vipi.

Nikarudi kwenye jiko.

"Haya, Mngoni. Taja fidia yako nikomboe mwiko."

Akashtuka, nadhani alitegemea nije na maneno mengine. Akajiweka sawa. "Fidia? Uoshe vyombo. Vyote, mpaka jioni. Na ukivunja sahani unaanza upya."

"Uonevu," Khalfani akasema. "Mama wa watu katoka safari."

"Wewe nyamaza, au nitakuongezea na wewe."

Nikafunga kanga kiunoni, nikachuchumaa kwenye beseni. Watu waliokuwa wamekwisha kula wakakataa kuondoka. Kijana mmoja akaleta sahani iliyokuwa safi akasema ina doa. Klara anapita ananiambia nisugue chini, Wamwera hawajui chini ya sufuria kuna nini kwa sababu walizoea kukimbia kabla chakula hakijaiva. Nikamwambia nasugua taratibu kwa heshima, isije ikawa sufuria ndiyo mkwe wake, maana Mngoni haolewi pasipo na chakula.

Lakini ukiwa chini kwenye beseni unaona mengi. Niliona jinsi anavyogawa. Mbeba mizigo aliyekuja amechoka alikuwa anaongezewa mchuzi kabla hajaomba. Mkaa aliupanga mmoja mmoja, haupotei. Niliona pia kwamba kila akigeuka ananitupia jicho, anaangalia uso wangu kama mtu anayeangalia wingu. Na niliona kazi ile sasa mimi peke yangu singeiweza. Watu wa Posta, majiko mawili, bodaboda anapiga honi. Nilichomwachia kilikuwa kidogo, yeye kakikuza, na mikono iliyokikuza ilikuwa yake.

Alasiri watu wakapungua. Sahani ya mwisho nikaifuta kwa kanga, nikaiweka juu ya nyingine. Klara akachukua mwiko, akaufuta, akanipa. Safari hii hakupiga goti wala hakunusa.

"Haya, bibi. Mali yako hiyo. Muhogo upo wa kesho, mkaa upo." Akafungua kanga yake ya kupikia, akaikunja, akachukua mkoba wake uliokuwa umetundikwa msumarini. "Nimefurahi umerudi salama."

Sauti haikuwa na mchezo ndani yake. Hata Khalfani akaacha kuchokonoa meno.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda zangu."

"Dodoma?"

Akamtazama Bwana Hamud kule barazani, naye akawa anachungulia ndani ya kikombe chake.

"Nakuuliza wewe, Mngoni. Nani kakupa ruhusa ya kuondoka?"

"Fidia umelipa. Tumemalizana."

"Nimelipa fidia ya mwiko. Wewe je? Babu zako walipochukua watu wetu, waliwaambia haya, jioni imefika, nendeni zenu? Waliwaweka wakalima. Leo nimekuteka mimi. Weka mkoba huo msumarini."

"Bibi, usinifanyie hivyo."

"Mateka hana neno. Kesho unawasha jiko, mimi nakuja nimeshaswali nimeshakunywa chai, kama sultani. Tutakachopata tunagawana sawa, kwa sababu mateka akifa njaa ni hasara yangu."

Khalfani akasimama kwenye benchi. "Jamani, andikeni tarehe. Mmwera kateka Mngoni."

Watu wakaangua kicheko, hata mama wa ndizi ng'ambo ya barabara ambaye hakujua tunacheka nini. Klara alicheka pia. Alicheka akainama, kisha akachukua ile kanga aliyoikunja akajifunika uso, na mabega yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha. Nikageuka nikaanza kukoroga majivu ya jiko ambayo hayakuwa na haja ya kukorogwa. Mpaka nilipogeuka tena, mkoba ulikuwa msumarini.

Sasa tuko wawili. Ijumaa mimi nakwenda msikitini mapema, yeye anashika mwiko. Jumapili anaanza na misa ndipo anakuja, akichelewa namwambia padri wake anahubiri kama anapika maharage. Wale wa Posta wameongezeka. Dada Sitara nimemwambia kwa simu, kasema siku atakayopanda basi kuja Dar atataka kumwona huyo Mngoni kwanza, kabla hata ya bahari.

Tatizo letu limebaki moja, kisamvu. Mimi sikubali karanga, kisamvu ni nazi. Yeye anasema nazi ni ya watu wasio na meno. Tumegombana mpaka tukaamua kupika sufuria mbili, yangu na yake, wateja wachague. Khalfani kajifanya hakimu. Kila mchana anachukua bakuli la huku na bakuli la huku, anaonja, anafumba macho, anasema kesi ni ngumu, hukumu itatoka kesho. Jana Klara kamwambia kesho akija na mdomo mtupu bila hukumu, atakula mkaa.

"Wa nani?" Khalfani akauliza. "Wa karanga au wa nazi?"